Sahihi Nne na Magodoro ya Intisar

Jumatatu, 14 Agosti. Testur.

Ndugu zangu wa mapambano, ninyi mtakaoufungua ukurasa huu siku historia itakapotutendea haki, nawasalimu kutoka ndani ya pikapu ya shangazi yangu.

Hali ya uwanja wa vita ni hii. Jumuiya yetu ya wanafunzi ina matawi saba. Katibu wa kila tawi humdhamini mgombea mmoja tu wa uenyekiti. Mgombea anahitaji wadhamini wanne, na kila sahihi sharti ithibitishwe kwa mhuri wa manispaa, mwenye sahihi akisimama mbele ya karani na kitambulisho mkononi. Makaratasi yaifikie tume ya uchaguzi mjini Tunis Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Ramla Zwaghi, mwanafunzi wa sheria, mpole wa sauti, adui, tayari ana wadhamini watatu. Waliobaki wanne wako likizo makwao: Testur, Kef, Tabarka na Ghar al-Milh. Miji miwili ya milimani, miwili ya pwani. Mimi nawahitaji wote wanne. Yeye anahitaji mmoja.

Kwa hiyo, kasi. Ramla hana gari. Mimi ninalo, baada ya kumweleza Shangazi Munjiya kwamba chuo kimenituma kupima urefu wa minara ya misikiti ya kale. Akauliza nitaipima kwa nini. Nikamwonyesha rula. Akatoa ufunguo.

Niliingia Testur saa tano asubuhi. Kwa ratiba ya kiangazi manispaa hufungwa saa saba. Muda tele. Hatim, katibu wa tawi, alikuwa radhi kusaini papo hapo, ila mama yake alitamka kwamba hakuna mgeni atakayevuka mlango ule kabla ya kuskusi. Nikaunusa mtego. Nikabuni mkakati: tumbo linaniuma, siwezi kula, twende upesi. Kosa la kimbinu. Mama Hatim alinivua viatu kwa mikono yake mwenyewe, akanilaza sebuleni, akaninywesha maji ya moto yenye majani machungu. Hatim alipojaribu kunitetea, mama akamwambia, "Mwenzio amegeuka rangi ya ukuta, nawe unataka kumburuta kwa makarani. Huna utu wewe?"

Saa saba ilinipita nikiwa chini ya blanketi la sufu, mwezi wa nane. Hatim akala sehemu yangu.

Habari nzito zaidi: Ramla humpigia simu Mama Hatim kila sikukuu kumtakia heri. Kila sikukuu, kwa miaka miwili. Tazameni adui alivyojichimbia mizizi jikoni mwa wananchi.

Jumanne, 15 Agosti. Kef, kisha njiani.

Saa moja na nusu nilikuwa wa kwanza mlangoni pa manispaa. Hatim akasaini. Mhuri ukagonga. Mmoja.

Kef saa nne. Katibu wa huko ni Samah, mwanafunzi wa elimu ya miamba, na maneno yake yana ukavu wa somo lake. Alisema atasaini leo hii, kwa sharti moja. Binamu yake Intisar anaolewa Jumapili, vyombo vyake vinapelekwa alasiri kwa bwana harusi kule Nebber, na pikapu moja ya msafara imeharibika gia. Yangu ijaze pengo.

Msimamo wangu kuhusu vyombo vya bi harusi unafahamika. Nimeuchapisha. Kupakia magodoro na masufuria kwenye magari ya wazi ili mtaa mzima uyahesabu ni mnada wa heshima ya mwanamke, na nilimfafanulia Samah hivyo kwa hoja tano. Alinisikiliza hadi ya tano. Kisha akauliza, "Wajdi, unataka sahihi au hutaki?"

Saa sita mhuri ukagonga. Wawili.

Saa tisa nikapakiwa magodoro manne yaliyojazwa sufu ya kondoo. Mama yake Intisar aliyafunga kamba mwenyewe. Bila kuulizwa, aliniambia sufu ile ameikusanya miaka kumi na mmoja, kila majira ya machipuko, akaiosha mtoni na kuichambua kwa vidole. "Endesha kama umebeba mayai, mwanangu," akasema. Nikaahidi.

Msafara ulikuwa wa magari sita, na kila hatua mia tulisimama. Ngoma, zumari, wanawake wanashuka, wanacheza, wanapanda tena. Saa kumi na moja tulikuwa bado hatujaiona Nebber. Ndipo Hatim akanipigia kunijulia hali ya tumbo, na katikati ya kunijulia hali akataja kwamba Ramla amepanda teksi ya abiria wanane kuelekea Tabarka.

Tabarka yuko Nizar, katibu wa tatu. Ramla akimpata yeye tu, nimekwisha.

Nikatoka mstarini, nikayapita magari matano, nikaingia Nebber peke yangu. Mpango: nishushe magodoro kwa bwana harusi, niendelee na safari. Shangazi wa bwana harusi akasimama mlangoni kama ngome. Akasema vyombo visivyo na wenyewe havivuki kizingiti kile. "Nani atakayevihesabu? Nani atakayepiga vigelegele? Wewe?" Nikasema niko tayari kupiga vigelegele. Akafunga mlango.

Njia zilikuwa mbili: kuungoja msafara saa mbili nzima, au kuitii historia. Nikaitii historia. Harusi ni Jumapili, magodoro yatarudi kesho jioni, hakuna atakayedhurika. Mantiki isiyo na ufa.

Nikazima simu ili adui asinifuatilie. Na bado alinifuatilia. Kabla ya Ain Draham niliona kwenye kioo gari jeupe, linakuja mbio, linawasha na kuzima taa. Vibaraka wa Ramla, bila shaka. Nikaingia njia ya wakata kuni katikati ya msitu wa mialoni, nikatulia. Gari likapita.

Jumatano, 16 Agosti. Tabarka.

Nililala vizuri. Magodoro manne yapo nyuma, na mtumishi wa umma alale juu ya chuma? Niliheshimu mali ya watu: nilipanda la juu tu, na nilivua kiatu. Kimoja. Cha pili kamba yake ilikuwa na fundo.

Saa tatu nilikuwa bandarini. Nizar hufanya kazi ya kuchoma samaki hapo kiangazi chote. Na kando ya sanduku lake la barafu, juu ya kreti lililopinduliwa, nani amekaa? Ramla. Anakula mkate na harisa ya pilipili, ametulia, kama mtu aliyezaliwa bandarini.

Aliponiona hakushtuka. Alisema, "Wajdi, ndugu yangu, warudishie watu magodoro yao. Wanakutafuta tangu jana. Hayo mengine yameshakwisha."

Hayo mengine yameshakwisha. Hivyo ndivyo wanavyovunja watu moyo. Nilimjibu kwamba hakuna kilichokwisha ila subira ya umma. Akaninyooshea kipande cha mkate. Nikakikataa kwa heshima, ingawa sikuwa nimekula tangu Kef.

Nilingoja simu yake ilie. Ikalia, akasogea pembeni kuongea, nami nikamnong'oneza Nizar kwamba Ramla amejitoa. Nizar akageuza samaki. Akauliza, kama amejitoa, huku amefuata nini? Nikasema amekuja kuaga. Nizar ni mtu wa kuamini watu, hiyo ndiyo nguvu yake. Alifuta mikono, tukapanda hadi manispaa kwa njia ya nyuma. Saa tano. Watatu.

Tulipotoka, gari jeupe lilikuwa kwenye lango la bandari. Wanaume wawili wenye nyusi nzito wanawahoji wavuvi. Mvuvi mmoja akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye pikapu yangu. Nikatoka kwa mlango wa malori ya barafu na kushika barabara ya pwani kuelekea mashariki. Pikapu iliyumba hadi Sejnane. Si woga. Ni usukani wa zamani.

Bado mmoja. Fakhri wa Ghar al-Milh.

Alhamisi, 17 Agosti. Ghar al-Milh.

Nilimkuta Fakhri saa nne na nusu kwenye vitalu vya baba yake, ndani ya ziwa la chumvi. Wao hulima juu ya mchanga waliouweka ziwani wenyewe. Maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, mizizi hunywa hapo katikati, na mchanga ukishuka upana wa vidole vinne tu, kila kitu hufa. Kwa sababu hiyo hutembea kwenye vijia tu, tena bila viatu.

Fakhri alikubali. Alisema anafunga kazi saa sita kasorobo, ananawa, tunakwenda. Baba yake, Ami Shadli, akanipa tikiti. Nilikuwa nimekaa, nakula, nimebakiza saa mbili na sahihi moja, nilipoinua macho na kuona gari jeupe linashuka mlimani.

Nilifikiri haraka, kama ilivyo desturi yangu. Nyuma ya uzio wa matete pikapu isingeonekana. Ili kufika nyuma ya uzio ilibidi kupita juu ya kitalu cha viazi. Fakhri alipiga kelele. Ami Shadli hakupiga kelele, alivua kofia. Magurudumu ya nyuma yalizama hadi ekseli, na maji ya chumvi yakaanza kupanda kati ya mashina.

"Babu yangu alibeba mchanga huu kwa vikapu," Ami Shadli akasema, si kwangu hasa. Fakhri akanisihi nisikanyage mafuta, tuite majirani waje na mbao. Majirani, mbao, mjadala, na manispaa inafungwa. Kulikuwa na kitu kinene, kipana, kikavu, tena karibu. Nikakata kamba. Nikasukuma magodoro yote manne chini ya magurudumu.

Kisayansi nilikuwa sahihi. Gurudumu lilishika, pikapu ikapanda, ikatoka. Kwa muda wa dakika moja, ndugu zangu, nilikuwa mshindi.

Kisha milango ya gari jeupe ikafunguliwa kwenye kijia. Walitoka wale wawili wenye nyusi. Akatoka Ramla, aliyewaonyesha njia. Wa mwisho akatoka msichana ambaye sikuwahi kumwona, hina mbichi imefungwa vitambaa mikononi. Intisar. Wale wawili ni kaka zake.

Hakulia. Alivua viatu, akafuata kijia kama mwenyeji, akachuchumaa kando ya lile godoro lililokuwa la juu. Nusu yake ilikuwa tope. Nusu nyingine ilikuwa na alama safi kabisa ya kiatu. Kimoja. Aliiangalia alama ile, akauliza kama na kulala nililala humu.

Nikasema ndiyo, kwa sababu za kimkakati.

Kaka yake mkubwa, Mundhir, akaanza kunijia. Intisar akainua mkono wenye kitambaa. "Mwache. Nikianza naye nitachelewa harusi yangu."

Niliona ni wajibu wangu kueleza. Nikasema kitu ni kitu tu, kwamba thamani ya mwanamke haimo kwenye sufu, kwamba kizazi chetu kina nafasi ya kuvunja minyororo hii leo, hapa, kwenye tope hili. Nilizungumza vizuri. Ami Shadli hata alikaa chini.

"Umemaliza?" Intisar akauliza. "Mama yangu hajui ya tope hili. Na hataambiwa. Shika upande huo, inua."

Nikashika. Saa saba ikapita nikiwa nimeinua.

Ijumaa, 18 Agosti. Ghar al-Milh.

Siku ya mwisho ya mhuri. Kesho manispaa haifunguliwi.

Jana wanawake wa mtaa walikuja bila kuitwa. Walipasua magodoro, wakaosha sufu kwa maji ya kisima, wakaianika juu ya mapaa yote kuanzia kwa Ami Shadli hadi msikitini. Mji mzima ulionekana umeota mvi. Jua na upepo vikafanya kazi yake, na leo saa mbili asubuhi sufu ilikuwa tayari kuchambuliwa: unavuta bonge kwa vidole hadi linakuwa jepesi kama pumzi, kisha lingine, kisha lingine. Mundhir na mdogo wake walikuwa ziwani tangu alfajiri, wanarudisha mchanga kwa vikapu.

Fakhri alitoa neno lake mbele ya baba yake: atakwenda kusaini dakika ambayo godoro la nne litashonwa. Alikuwa na kitambulisho mfukoni mwa shati. Nilikiona.

Nikapewa sufu ya godoro la nne.

Ramla alikaa mkabala nami, kati ya Intisar na bibi mmoja aliyemwita binti yangu. Vidole vyake vinakwenda bila yeye kuviangalia. Bibi akaniangalia mimi nikifanya kazi, akawaambia wenzake, "Huyu anaichambua au anaihoji?" Wakacheka hadi mmoja akajichoma sindano.

Saa tano na nusu matatu yalikuwa yameshonwa. Mimi sikufika nusu. Nikapiga hesabu ya mabonge yaliyobaki na dakika zilizobaki, na hesabu ilikataa. Nikabuni mkakati. Mabonge yote niliyatia katikati ya godoro kama yalivyo, nikayafunika juu na chini kwa sufu iliyochambuliwa, nikatangaza nimemaliza. Wakashona. Saa sita na robo. Fakhri akasimama, akavaa viatu. Manispaa ni dakika kumi kwa miguu.

Intisar akasema ngoja. Akakaa juu ya godoro. Akainuka. Akakaa tena, sehemu nyingine.

"Humu mna mawe," akasema.

Akapasua mshono kwa meno. Mabonge yakatoka moja moja, yakapangwa mkekani mbele ya watu wote. Hakuna aliyenitukana, nami ningependa wangenitukana. Fakhri akavua viatu. Ramla akavuta nusu ya mabonge upande wake, akaanza upya.

Tulimaliza saa saba na robo.

Fakhri alitazama saa yake, kisha akanitazama mimi. "Ningekwenda, Wajdi," akasema. "Wallahi ningekwenda."

Mundhir akachukua ufunguo wa pikapu ili ayafikishe magodoro Nebber kabla ya jua kuzama. Nikawasha simu nimjulishe shangazi. Simu sitini na moja zilikuwa hazijapokelewa. Shangazi Munjiya tayari alijua. Tangu Jumatano anaongea na mama yake Intisar, wameshakuwa marafiki, amealikwa harusini. Akaniuliza minara ina urefu gani.

Jumamosi, 19 Agosti. Tunis.

Sikukata tamaa. Nilifika mbele ya tume saa tano na nusu nikiwa na sahihi tatu na waraka wa kurasa sita, unaothibitisha kwamba nia ya Fakhri, iliyotamkwa mbele ya mashahidi kumi na watano, ina uzito wa mhuri. Isitoshe, Ramla naye ana tatu. Nilimwona kwa macho yangu: siku mbili Ghar al-Milh hakumwomba Fakhri sahihi hata mara moja. Tuko sawa kwa sawa.

Ramla akaweka mezani sahihi nne.

Ya nne ilikuwa ya Samah. Imegongwa mhuri Kef, Jumatano, saa mbili asubuhi. Nikasimama, nikasema Samah alinidhamini mimi tangu Jumanne. Mwenyekiti wa tume akafungua kanuni, akasoma kwamba katibu akibadili nia, sahihi yenye tarehe ya mwisho ndiyo inayohesabika. Akaongeza kwamba kifungu hicho kilipendekezwa mwaka jana na mimi mwenyewe, kwa hotuba ya dakika arobaini.

Kumbe ilikuwa imekwisha tangu Jumatano, kabla sijamdanganya Nizar, kabla sijakanyaga mchanga wa mtu. Samah alimpigia Ramla asubuhi ileile. Karatasi yenyewe ilitoka Kef pamoja na Intisar ndani ya gari jeupe, na tangu Alhamisi ilikuwa kwenye mkoba wa Ramla, ukutani, nyuma ya mgongo wake, muda wote anachambua.

Nikamsimamisha ukumbini. Nikamtaka anieleze: kama alikuwa ameshashinda, Ghar al-Milh alifuata nini?

Akasema magodoro yalikuwa manne na mikono haikutosha.

Nikamngoja aendelee. Akasema anawahi gari la Nebber, kaalikwa.

Jumapili, 20 Agosti. Tunis.

Nimelitafakari jibu lile usiku kucha na sasa nimelielewa. Hakuna mwanasiasa anayekaa siku mbili juu ya mkeka, ushindi uko mkobani, kwa ajili ya sufu ya mtu asiyemjua. Haiwezekani. Kwa hiyo kuna mpango, na mpango huo ni mkubwa kuliko uenyekiti. Mama Hatim yumo. Yule bibi wa sindano yumo. Shangazi yangu, ambaye wakati huu anacheza ngoma Nebber, ameshanunuliwa kwa sahani ya nyama.

Nimejikosoa pia, kwa ukali unaostahili. Kosa langu lilikuwa moja: nilibeba mzigo mzito ulionipunguzia mwendo.

Ndugu zangu wa mapambano, ninatangaza rasmi kuundwa kwa Jumuiya mpya, safi, isiyo na kanuni za kale. Itahitaji matawi saba, kwa hiyo itahitaji safari. Mkutano wa kuiasisi utafanyika kesho, Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, kwenye ngazi za maktaba. Ajenda ni moja: nani kati yenu ana gari.